Chenga au mionzi? Kulinganisha njia za kushusha dozi ya CT bila kuupoteza ugonjwa

Picha ya CT (eksirei inayouzunguka mwili na kuuonyesha vipande vipande) ikiwa na chenga, yaani punjepunje zinazoifunika, mashine si lazima iwe mbovu. Mara nyingi fotoni za eksirei zilizofika kwenye vipokezi zilikuwa chache tu. Fotoni hazifiki kwa mpangilio. Hufika kama matone ya mvua juu ya bati. Ikinyesha rasharasha, pembe moja ya bati hupata matone kumi na ya jirani sita, ingawa wingu ni lile lile. Mvua ikikolea, tofauti bado ipo ila haina uzito tena.

Hesabu yake haina huruma: chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha dozi. Ukiongeza dozi mara mbili, chenga hushuka kwa asilimia 29 tu. Ukitaka zipungue nusu, dozi iwe mara nne. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa neema: ukikata dozi nusu, chenga hupanda kwa asilimia 41, si mara mbili. Kwa vipimo vingi hiyo asilimia 41 inavumilika kabisa. Kwa vichache, inaua. Ulinganisho huu unahusu namna ya kuvijua vipi ni vipi, na ukishajua, ushike njia ipi.

Kwanza, unatafuta nini?

Weka vipimo viwili ubavu kwa ubavu: jiwe la figo, na saratani iliyosambaa kwenye ini.

Jiwe la asidi ya uriki, ambalo si zito sana kwa eksirei, huwa na HU (kipimo cha uzito wa kitu kwa eksirei) 300 hadi 500. Mawe ya kalsiamu huweza kupita 1000. Nyama inayolizunguka iko kwenye HU 30 au 40. Hata chenga zikifikia HU 30, jiwe la milimita 4 bado linajionyesha. Uvimbe mdogo kwenye ini ni habari nyingine: huenda ukatofautiana na ini lenye afya kwa HU 10 au 20. Chenga za HU 30 zitaumeza, na daktari anayeisoma picha hatajua kwamba kuna kitu alichokikosa.

Ubongo ni mgumu zaidi ya ini. Sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe hutofautiana kwa HU 5 hadi 10 hivi, na kiharusi cha saa za mwanzo huifuta tofauti hiyo ndogo. Ndiyo sababu dozi ya kichwa huonekana kubwa ukiilinganisha na ya tumbo. Picha yenyewe hutazamwa kwenye dirisha (sehemu ya HU inayoonyeshwa kwa ngazi za kijivu) jembamba la HU 80, kwa hiyo chenga za HU 20 hula robo nzima ya ngazi za kijivu. Chenga hizo hizo kwenye dirisha la mapafu la HU 1500 hazifikii hata asilimia 2.

Kwa mtu mzima wa mwili wa wastani, hivi ndivyo tunavyopendekeza uanzie, kwa CTDIvol (dozi inayokadiriwa na mashine, kwa mGy) inayoonekana kwenye konsoli:

| Kipimo | CTDIvol | Kwa nini |
|---|---|---|
| Vinundu vya mapafu, uchunguzi wa saratani | 3 mGy au pungufu | Nyama ndani ya hewa, tofauti kubwa sana |
| Mawe ya figo | 3 hadi 5 mGy | Jiwe lina HU nyingi |
| Tumbo kwa dawa ya kontrasti | 8 hadi 15 mGy | Ini na kongosho vina tofauti ndogo |
| Kichwa bila kontrasti | 45 hadi 60 mGy | Tofauti ndogo kuliko zote, na fuvu hula fotoni |

Viwango rejea vya Chuo cha Radiolojia cha Marekani ni 25 mGy kwa tumbo la mtu mzima na 75 mGy kwa kichwa. Hivyo si shabaha. Ukiona wagonjwa wako wa kawaida wanavipita mara kwa mara, kuna kitu kimekosewa kwenye protokoli. Usilinganishe moja kwa moja namba ya kichwa na ya tumbo: ya kichwa hupimwa kwa fantomu (silinda ya plastiki inayosimama badala ya mwili) ya sentimita 16, ya tumbo kwa ya sentimita 32, na kwa miale ile ile ya tyubu ya eksirei fantomu ndogo husoma karibu mara mbili.

Kupandisha mAs, au kunenepesha kipande?

Anayeona chenga hukimbilia mAs (mkondo wa tyubu mara muda, yaani wingi wa fotoni) kwa kuwa iko karibu na mkono. Kabla ya kuigusa, tazama unene wa kipande unachosoma. Kipande cha milimita 1.25 kina robo ya fotoni za kipande cha milimita 5, kwa hiyo chenga zake ni mara mbili. Ukitaka kipande chembamba kiwe laini kama kile kinene utalipa dozi mara nne. Kwa milimita 0.625 utalipa mara nane. Hakuna mgonjwa anayestahili kulipishwa hivyo kwa sababu tu ya mazoea ya kusoma vipande vyembamba.

Kukusanya na kusoma ni mambo mawili. Kusanya kwa safu nyembamba za vipokezi, kisha utengeneze seti mbili kutoka data ile ile: moja ya milimita 3 hadi 5 kwa keneli (kichujio cha hesabu cha kuundia picha) laini, ya kusomea nyama; nyingine ya milimita 1, ya mifupa na ya kujengea picha za pembeni. Seti ya pili haiongezi mionzi hata chembe.

Unene nao una gharama. Kidonda cha milimita 2 kilicho ndani ya kipande cha milimita 5 huchanganywa na majirani zake, na zaidi ya nusu ya tofauti yake hupotea. Kwa vinundu vya mapafu, soma milimita 1 hadi 1.5 na uvumilie chenga. Kwa ini, milimita 3 ni suluhu nzuri: chenga zake ni asilimia 29 zaidi ya za milimita 5, na vidonda vidogo havifichiki sana. Kwa ubongo wa mtu anayeshukiwa kiharusi, milimita 5 bado ina nafasi yake.

Keneli nayo hubadilisha chenga bila kugusa dozi. Keneli kali ya mifupa huzikuza mara kadhaa. Malalamiko mengi ya “mashine inatoa picha mbaya za ubongo” humalizika pale mtu anapogundua kwamba seti iliyotumwa kwa daktari ilikuwa ya keneli ya mfupa.

120 kV au 100?

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mashine hata za zamani, na ndipo wengi hawapagusi kwa hofu.

kV ni volti za tyubu, zinazoamua nguvu ya fotoni. Kwa mAs ile ile, kushuka kutoka 120 kV hadi 100 hupunguza dozi kwa karibu asilimia 40. Hadi 80, kwa karibu theluthi mbili. Chenga huongezeka, bila shaka. Ila kama umechoma dawa ya kontrasti yenye iodini, kitu kingine hupanda pamoja nazo. Iodini hunyonya sana fotoni zenye nguvu iliyo juu kidogo ya 33.2 keV, na kV ndogo hutoa fotoni nyingi zaidi za karibu na hapo. Mng’ao wa iodini hupanda kwa takriban asilimia 25 kwenye 100 kV, na asilimia 60 au zaidi kwenye 80.

Tuseme aota ina HU 300 na chenga HU 20 kwenye 120 kV: uwiano ni 15. Kwenye 100 kV aota inafika HU 375 na chenga HU 25: uwiano ni 15 vilevile, na mgonjwa amepokea mionzi pungufu kwa karibu asilimia 40. Kwa picha za mishipa ya damu, sioni sababu ya kumpima mtu wa kilo 65 kwa 120 kV. Ukiona mishipa inawaka kupita kiasi, panua dirisha au punguza dawa. Figo zitafaidika pia.

Mahali ambapo kV ndogo haifai:

Kipimo kisicho na dawa. Bila iodini unabaki na chenga zaidi bila fidia. Kwa mawe, baki kwenye 120, au 100 kwa mtu mwembamba, na ushushe mAs badala yake.

Mgonjwa mnene. Kila sentimita 3.5 hadi 4 za nyama huondoa nusu ya fotoni, na zenye nguvu ndogo hufa kwanza. Tyubu itapanda hadi ukomo wa mA (mkondo wake) na bado fotoni hazitoshi. Ndipo inapotokea michirizi inayovuka kutoka bega hadi bega au nyonga hadi nyonga. Ukiona michirizi hiyo, ujue umeshavuka eneo la kipeuo cha pili: hapo hata kelele za umeme za vipokezi vyenyewe zimeingia kwenye picha, na hakuna programu itakayoziondoa vizuri.

Mpaka wa kuanzia, kwa picha za mishipa: chini ya kilo 60 tumia 80 kV kama tyubu inaweza kutoa mA ya kutosha, hadi kilo 85 hivi, 100, juu ya hapo, 120. Upana wa mwili kwenye picha ya skauti (ya awali, ya kupangia kipimo) ni kipimo bora kuliko mizani.

mA ya mkono au ya otomatiki?

Otomatiki, karibu kila mara. Mashine inapobadilisha mA kadiri tyubu inavyozunguka na kitanda kinavyosogea, shingo haipewi dozi ya mabega. Tatizo ni kwamba kila mtengenezaji ameupa usukani wake maana tofauti, na radiografa anayehama kutoka mashine moja kwenda nyingine anaweza kukosea vibaya bila kujua.

Kwenye GE unaweka Noise Index, yaani kiasi cha chenga unachokikubali. Namba ikipanda, dozi hushuka: kutoka 10 hadi 14 ni karibu nusu ya dozi. Canon wanatumia SD (mtawanyiko wa HU kwenye picha, yaani ukubwa wa chenga) kwa mantiki hiyo hiyo. Kwenye Siemens unaweka quality reference mAs, na hapa namba ikipanda dozi nayo hupanda. Mashine haifuati chenga zile zile kwa kila mtu. Inakubali mwili mkubwa uwe na chenga zaidi kidogo na mdogo uwe na chenga pungufu. Philips wapya wana DoseRight Index: kila hatua moja huongeza mAs kwa asilimia 12, kwa hiyo hatua sita ni kama mara mbili.

Mtego mkubwa uko kwenye Noise Index. Mashine huihesabu kwa unene wa seti ya kwanza ya picha uliyoipanga. Mtu akibadilisha seti hiyo kutoka milimita 5 hadi 1.25 na kuiacha namba ilivyokuwa, mashine itatafuta ulaini ule ule kwenye kipande chembamba na kupandisha dozi hadi mara nne, au hadi igonge ukomo wa mA. Kama lazima seti ya kwanza iwe milimita 1.25, zidisha Noise Index kwa 2. La busara zaidi ni kuiacha seti nene iwe ya kwanza na kuipanga ile nyembamba ya pili. Weka pia ukomo wa juu wa mA unaoendana na kipimo. Mashine iliyoachiwa hadi mwisho wa uwezo wa tyubu itautumia wote pale inapokutana na nyonga ya chuma.

Otomatiki haifai kwa kipimo cha mtiririko wa damu ya ubongo, ambapo sehemu ile ile hupigwa mara nyingi mfululizo. Weka mA kwa mkono, 80 kV, na uhesabu jumla kabla ya kubonyeza. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba wagonjwa 206 katika hospitali moja ya Los Angeles walikuwa wamepata karibu mara nane ya dozi iliyokusudiwa kwenye kipimo hicho, kwa muda wa miezi 18, na baadhi yao walinyonyoka nywele. Picha zenye dozi kubwa huwa nzuri kuliko kawaida, hivyo hakuna msomaji atakayezilalamikia. CTDIvol kwenye konsoli isomwe kabla ya kila kipimo.

Njia ya zamani ya kuunda picha, ya kurudiarudia, au ya akili unde?

Njia ya zamani huchuja data na kuirudisha nyuma moja kwa moja. Ina kasi na inatabirika. Chenga zake ni punje ndogo ambazo macho ya daktari yamezizoea. Kanuni ya kipeuo cha pili inafanya kazi juu yake bila mshangao.

Njia ya kurudiarudia hulinganisha picha na data tena na tena, ikiondoa kile kinachofanana na chenga. SD inayopimwa inaweza kushuka nusu kwa dozi ile ile. Hapo wauzaji husema: basi kateni dozi kwa robo tatu. Usikubali haraka. SD ni namba moja. Uwezo wa kuona kidonda hafifu ni jambo lingine. Fotoni ambazo hazikukusanywa hazirudishwi na hesabu. Ukiweka kiwango cha juu kabisa, picha huwa kama imepakwa nta, mipaka ya ini huvutika, na kidonda cha HU 10 hulainishwa pamoja na chenga. Kwa mapafu, mawe na mishipa, nusu ya dozi inakubalika. Kwa ini na kongosho tusingekata zaidi ya robo, na tungechagua kiwango cha kati cha nguvu ya programu, si cha juu.

Njia za akili unde, kama TrueFidelity ya GE na AiCE ya Canon zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2019, hulinda umbile la punje vizuri zaidi, na picha haionekani ya plastiki. Onyo juu ya vidonda hafifu linabaki pale pale.

Hospitali yenye mashine ya vipande 16 isiyo na programu hizi, na fedha ni za kuchagua, isianze na kununua leseni. Ianze na kV, unene, na yale yanayofuata hapa.

Yasiyogharimu chochote

Kumweka mgonjwa katikati ya gantri (duara la mashine). Chujio la umbo la tai ya kipepeo lililo mbele ya tyubu limetengenezwa likidhani mwili uko katikati. Akikaa chini au juu kwa sentimita 6, vipimo vya fantomu vimeonyesha chenga zikipanda zaidi ya asilimia 20 na dozi ya ngozi kwa karibu asilimia 40. Hasara pande zote mbili. Skauti nayo hudanganya: tyubu ikiwa chini na kitanda kikiwa chini mno, mwili huonekana mkubwa, na otomatiki hupandisha mA bure.

Mikono juu ya kichwa kwa kifua na tumbo. Mikono ikibaki ubavuni huleta chenga na michirizi hasa kwenye ini na wengu.

Urefu wa eneo. Tumbo la CTDIvol 10 mGy kwa sentimita 45 lina DLP (CTDIvol mara urefu) 450, ambayo ukiizidisha kwa 0.015 ni karibu 6.8 mSv (kipimo cha athari ya mionzi kwa mwili). Ukianzia katikati ya moyo na kuishia mapajani bila sababu, unaongeza sentimita 8 na zaidi ya 1 mSv. Jiwe kwa 4 mGy na sentimita 42 ni 2.5 mSv, karibu sawa na wastani wa mwaka mmoja wa mionzi ya asili duniani, 2.4 mSv.

Na awamu, yaani mara za kupiga picha kabla ya dawa na kadiri inavyosafiri mwilini. Kipimo cha tumbo kabla ya dawa, awamu ya ateri, ya mshipa wa lango, na ya kuchelewa ni dozi nne kamili. Hakuna programu inayookoa asilimia 75 kwa uhakika kama kuuliza: awamu ipi inajibu swali la daktari aliyemtuma mgonjwa? Kwa homa na maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, awamu ya mshipa wa lango pekee hutosha mara nyingi.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

CTDIvol haijui nani amelala kitandani. Chukua mtoto mwenye unene wa sentimita 14 na upana wa 20: zidisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata karibu 17. Kwa fantomu ya sentimita 32, kigezo cha kuzidishia kilichomo kwenye ripoti namba 204 ya chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kwa ukubwa huo ni karibu 2. Konsoli ikisema 4 mGy, mwili wake umepokea takriban 8. Kwa mtu wa sentimita 40 kigezo ni 0.85, hivyo namba hiyo hiyo ni 3.4 tu. Angalia pia fantomu ipi imeandikwa kwenye ripoti, kwa sababu baadhi ya mashine hutumia ya sentimita 16 kwa miili ya watoto.

Neema ni kwamba mwili mdogo unahitaji fotoni chache sana. Mtoto aliye mwembamba kwa sentimita 8 kuliko mtu mzima anahitaji robo ya mAs kupata chenga zile zile. Hata hivyo mwachie chenga pungufu kidogo kuliko za mtu mzima: viungo vyake ni vidogo, na mafuta yanayotenganisha kiungo na kiungo hayapo.

Kushusha protokoli iliyopo

Usishushe kwa kurukia nusu. Andika kwanza ilivyo: kV, namba ya otomatiki, unene, keneli, CTDIvol ya wagonjwa 20 wa ukubwa unaofanana. Kwenye picha zao weka duara la sentimita 2 za mraba ndani ya ini au aota, mbali na mishipa na kingo, uandike SD. Kisha shusha dozi kwa asilimia 15 hadi 20, si zaidi. Wapime wagonjwa wengine 20 na msomaji yule yule azisome bila kuambiwa lini mabadiliko yalianza. SD itapanda kwa asilimia 8 hadi 12. Ikipanda zaidi, kuna jambo jingine: kitanda, mikono, au otomatiki imegonga ukomo wa mA. Msomaji asipolalamika, shusha tena. Akianza kuomba kipimo kirudiwe, rudi hatua moja nyuma siku hiyo hiyo, maana kurudia kipimo kimoja hufuta akiba ya wagonjwa watano au zaidi. Protokoli mpya iandikwe kwenye mashine kwa jina lenye tarehe, ya zamani ifutwe, na nakala ibandikwe kando ya konsoli ili wa zamu ya usiku asirudishe namba za jana.